Shukriya Gerda Brinkmann, Mchezaji Mpira: 1948–1988

Wasifu huu umeandikwa na wifi yake, Umkulthum binti Soud, anayewasomea nyinyi wanawake leo, siku ya tatu ya msiba, hapa Nizwa, Oman. Shemeji wa marehemu, Marzouq, ameomba mpira usitajwe. Atusamehe. Marehemu aliomba utajwe, na usia ni usia.

Alizaliwa Kassel, Ujerumani, tarehe 14 Machi 1948, binti wa dereva wa tramu. Alisoma huko huko mpaka 1964, akaajiriwa kiwanda cha vitambaa. Siku hizo wakubwa wa mpira wa kwao walikuwa wamewapiga marufuku wanawake. Alicheza. Waliponyimwa viwanja, yeye na wenzake walicheza malishoni, wakiwafukuza ng'ombe kwanza. Mwaka 1970 marufuku iliondolewa, lakini kwa masharti: dakika sitini badala ya tisini, viatu bila njumu, na baridi ikiingia wakae nyumbani. Yeye alivaa njumu. Alitolewa uwanjani mara tatu, na mara ya nne akazivaa tena. Alikuwa beki wa kushoto, na mwaka 1973 timu yake ilitwaa kombe la mkoa.

Mwaka 1975 aliolewa na Nadhir bin Soud, kijana wa Unguja aliyekwenda huko kusomea mitambo. Alisilimu, akaitwa Shukriya. Januari 1976 walihamia Nizwa, Nadhir akafungua gereji hapo mtaa wa Firq. Kiswahili alifundishwa na mama mkwe wake, Bibi Turkiya, matusi yakiwemo.

Uani kwake aliwafundisha mpira mabinti wa mtaa. Watu walisema mpaka midomo ikawakauka. Alasiri moja ya 1981 mpira uliruka ukuta, ukaangukia kwenye mfereji wa falaji, maji yakauchukua mpaka wanapotawadhia wanaume. Mabinti walikimbilia ndani. Shukriya alijitanda mtandio, akaufuata.

"Mpira wa nani huu?" aliuliza jirani yake, Mzee Khelef, kaushika mkononi.

"Wangu, ammi. Nipe, mchezo haujesha."

"Wallahi, wewe huna haya!"

"Haya ninayo, ammi. Muda ndio sina."

Mzee alimrudishia. Wiki ya pili yake alileta matofali ya kupandishia ukuta.

Saratani ilimwanza Agosti 1986. Alipokatazwa kusimama aliwekewa kiti uani, akawakemea wanaokimbia kivivu. Siku zake za mwisho alimshika wifi yake mkono: "Wifi, mkisoma habari zangu, mpira msiuache. Mengine yote nimepewa. Huo nimeupigania." Alifariki nyumbani kwake, Jumanne asubuhi, tarehe 9 Februari 1988. Tumeumia sana.

Ameacha mume, mabinti wawili, Mwanamize na Fawziya, na mama yake mzazi huko Kassel. Ameacha pia wanafunzi thelathini na mmoja. Majina yao hayakuandikwa, kwa kuwa waume wa baadhi yao hawajui, nao wamekaa barazani hapo nje. Wengi wao ni nyinyi mliomo humu ndani.

Mola amghufirie Shukriya, ampokee kwa rehema. Na sasa, kabla hatujaanza dua, aliyecheza naye na asimame.