Maman Euphrasie Nsimire na Sahani za Walio Safarini

Wazazi wetu, ndugu, majirani wa Cimpunda, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki pamoja nasi, asanteni. Aliyelala mbele yenu ni mama yetu, Euphrasie Nsimire. Mimi ni Consolate, binti yake wa pili. Familia imenipa kazi ya kusoma kwa sababu dada yangu Lucie hawezi kumaliza mstari mmoja bila kulia, na Fabien, kitinda mimba wetu, hayupo. Yuko Shabunda, anatusikiliza kwa simu ile aliyoishika Papa Théodore, jirani yetu. Mtandao ukikatika mtanivumilia, nitamsubiri.

Mama alizaliwa Miti, katika Kabare, tarehe 14 Septemba 1953, mtoto wa kwanza wa Papa Jean-de-Dieu na Mama Cibalonza. Babu alikuwa akichimba dhahabu upande wa Mwenga, na mara nyingi Noeli ilimkuta hukohuko. Siku hiyo bibi alipakua sahani ya mumewe kama kawaida, kisha akatoka barabarani kutafuta mtu aliye peke yake aje aile. Alisema sahani ya msafiri isilale na chakula, la sivyo msafiri naye atalala njaa. Mgeni alikaa mahali pa babu, na alipoitwa kwa jina la babu ilimpasa aitike. Mama alikua akidhani kila nyumba duniani hufanya hivyo.

Alimaliza shule ya msingi Miti mwaka 1966, kisha akaletwa Bukavu kwa shangazi yake ajifunze kushona na kupika. Kushona kulimshinda. Gauni lake la kwanza lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na alilivaa mwenyewe, kwa ukaidi, hadi likachakaa. Lakini jikoni hakuwa na mpinzani. Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa mpishi wa bweni la wasichana hapa mjini, akaifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Wasichana walioshindwa kwenda kwao sikukuu kwa ubaya wa njia aliwaleta nyumbani kula sahani za walio safarini. Ndiyo maana leo naona hapa akina mama ambao hata sisi hatuyajui majina yao, nao wanalia kama sisi.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Papa Pascal, dereva wa lori la njia ya Bunyakiri. Mama alikuwa akisema kwamba aliyeolewa na dereva ameolewa na barabara, na kweli sahani ya papa iliwahi kuliwa na watu wa kila namna, hata polisi mmoja aliyekuja kuuliza habari za lori lenyewe. Walijaliwa watoto watatu. Papa alitutoka mwaka 2009.

Noeli ya kwetu haikuwa na mapambo. Palikuwa na wali, maharagwe, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na kuku mmoja aliyekatwa vipande vidogo hadi ukajiuliza ana mapaja mangapi. Baada ya Misa mama alisimama na upawa wake akaita majina, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kila aliyeitika akapewa sahani. Hiyo tu. Nimewahi kula kwenye meza kubwa kuliko hiyo, na sijawahi kuzitamani tena kama ninavyotamani leo kusikia jina langu likiitwa kutoka jikoni.

Fabien alikwenda kufundisha Shabunda mwaka 2014. Noeli yake ya mwisho nyumbani ilikuwa ya 2018. Baada ya hapo njia ilimzuia, kisha vita. Sahani yake ikawa ya Papa Théodore, fundi cherehani mstaafu, mjane ambaye watoto wake wako Kinshasa, na ambaye ana umri wa kumzidi mama miaka kumi. Mama hakujali. Alimkaripia mbele ya watu wote.

"Fabien, juu ya nini hautumaka mama yako hata bonjour?"

"Pardon, maman. Réseau ya simu iko mubaya kule."

"Réseau! Kula, ulikonda."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini mama aliporudi jikoni alikaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu: aite majina matatu, na aitikiwe na wenyewe watatu. Kila mwaka, Novemba ikiingia, alianza kuuliza kama kuna ndege ya kutoka Shabunda.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 2021. Oktoba iliyopita miguu ilikataa, akalazwa hospitali, na Desemba akaomba arudishwe nyumbani kabla ya Noeli. Lucie alikuja kwa mashua kutoka Minova. Siku ya Noeli tulipika sisi, yeye akatuelekeza kutoka kitandani na kulalamikia chumvi kabla hajaionja. Kisha akaita. Lucie akaitika, nami nikaitika.

"Fabien!"

Papa Théodore akasogea. Mama akamshika mkono, akamtazama sana.

"Ulizeeka, mutoto yangu."

Tulianza kucheka, tukijua ni utani wake. Ndipo tukaona machozi yake.

"Ulifika. Njia ilikuwa mubaya?"

Papa Théodore alitugeukia. Akapiga magoti.

"Ilikuwa mubaya, maman. Lakini nilifika."

Aliila sahani yote kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine mama hakuuachia. Usiku ule mama alilala vizuri, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa wiki nyingi. Alifariki Jumatatu tarehe 29 Desemba 2025, asubuhi, nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo Papa Théodore hana raha. Jana alimuuliza Lucie, "Nilimudanganya mama yenu?" Lucie akamjibu, "Hapana, papa. Aliita, na wewe uliitika."

Marehemu ameacha watoto watatu, Lucie, Consolate na Fabien, wajukuu saba ambao mkubwa wao ni Aurore, na wale wote waliowahi kuketi kwake kwa jina la mtu mwingine. Noeli ijayo nitaita mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na wewe Fabien, ndugu yangu. Tangu Jumatatu unapiga simu na kurudia neno moja, kwamba mama amekufa na wewe hukufika. Sasa umesikia. Alikushika mkono, akaona umezeeka, akakulisha, akalala usingizi. Amekwenda akijua ulifika. Usimbishie, Fabien. Mwache mama apumzike kwa amani.