Sabyrbek Turdumatov na Nyumba Arobaini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Sabyrbek Turdumatov anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Bishkek kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia mwaka 1992 kama fundi umeme wa kawaida. Anaondoka akiwa mkuu wa mafundi wa mifumo ya nyumba, ile ambayo mtu anabonyeza simu, na taa, pazia au pampu inatii.

Katika mifumo hiyo kompyuta ndogo hutoa amri, na rilei, yaani kiswichi kinachoendeshwa kwa umeme, ndiyo huwasha au kuzima kifaa. Sabyrbek ana mazoea ya kutega sikio kwenye boksi la rilei na kusubiri ule mlio wake, tik, kabla hajakubali kunywa chai ya mwenye nyumba.

Hakuanza vizuri. Katika nyumba ya kwanza aliyoifungia mfumo huo, mwaka 2011, alichanganya nyaya mbili. Wageni waliokuja kuposa walipobonyeza kengele ya mlango, mabomba ya kumwagilia maua yakafunguka. Baba wa kijana, kofia yake ikichuruzika maji, akauliza, "Fundi, kwenu wakwe huogeshwa kwanza?" Posa ilikubaliwa hata hivyo. Sabyrbek akaalikwa harusini, akaketishwa mbali na swichi.

Lakini tunaomjua tunamkumbuka zaidi kwa Januari ya mwaka 2016. Mmoja wa wateja wake alikuwa mwalimu Anarkul Osmonova, aliyepooza miguu baada ya kuanguka, akiishi na mama yake mzee. Kwa mfumo ule alifungua mlango, aliwasha taa na kuendesha pampu ya maji ya moto yanayopasha nyumba joto, bila kumwita mtu. Jumapili moja umeme ulikatika, ukarudi. Nje ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Simu iliandika kwamba pampu inafanya kazi, na Anarkul akaiamini kwa saa tano, huku nyumba ikizidi kupoa.

"Kaka Sabyr," alisema alipompigia, "simu inasema pampu inazunguka. Mama anatetemeka, na maneno yake siyaelewi tena."

"Achana na simu. Mfunike mama, ita gari la wagonjwa. Nakuja."

Alifika, akaiunga pampu moja kwa moja kwenye umeme, ikazunguka. Mama alilazwa siku tisa, akapona. Sabyrbek alipochunguza aligundua kwamba baada ya umeme kurudi, kompyuta ilionyesha amri ya mwisho tu. Rilei yenyewe ilikuwa imezima, na hakuna waya uliokuwa ukirudisha habari kutoka kwenye pampu. Angeweza kuusingizia umeme, nasi sote tungemwamini.

"Kosa ni langu, Anarkul," alimwambia. "Nimekuja kuung'oa mfumo wote."

"Ung'oe ili iweje? Nirudi kuita watu kila nikitaka taa? Urekebishe, Kaka."

Kesho yake aliingia kwa mkurugenzi, akaomba kurudi kwenye kila nyumba aliyofunga mfumo kama ule.

"Unataka tugonge milango arobaini na moja tukisema tumekosea?"

"Arobaini. Kwa Anarkul nimeshasema."

Ilimchukua hadi Aprili. Kila nyumba iliyomkubali aliiwekea kipimo kinachoonyesha kama pampu kweli inatumia umeme, na swichi ya ukutani inayofanya kazi hata kompyuta ikifa. Wateja watatu walimfukuza. Wawili kati yao walimpigia wenyewe baadaye. Mimi nilimbebea ngazi majira yale, na nilimwona akisimama mbele ya milango, akivua kofia, akipumua kwanza kabla ya kubonyeza kengele. Alikuwa akiona aibu, na alibonyeza.

Sasa anakwenda kijijini Tamga, kando ya ziwa la Issyk-Kul, ambako mkewe Jyldyz ana miti ya aprikoti, yale matunda madogo ya manjano ya kukaushwa, na amempiga marufuku kuitia miti hiyo waya wowote.

Asante, Kaka Sabyr, kwa ufundi wako na kwa kutufundisha kusema tulipokosea. Tunakuombea afya na siku ndefu zisizo na haraka. Jumatatu wateja wakipiga simu, nitapokea mimi.

Kunduz Alybaeva
Mkuu mpya wa mafundi