Kouraichia Mchangama, Aliyesomewa Hitima Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, dada yetu Kouraichia alizaliwa tarehe 3 Mei 1969, mtaa wa Mahabibo, Mahajanga, mtoto pekee wa Mzee Mchangama, fundi cherehani, na Bi. Bahia. Ghasia za Desemba 1976 zilipowaangukia Wangazija wa mji ule, Bi. Bahia alikimbia naye hadi bandari ya Antsahampano, wakavuka kuja kisiwa hiki cha Nosy Be, wakakaa hapa Ambanoro, na baba aliyepotea siku hiyo akasomewa hitima mwaka uliofuata, na kila mwaka baada ya hapo.

Alisoma Hell-Ville, akahitimu historia chuo kikuu cha Antsiranana mwaka 1993, akarudi kufundisha, mbishi kwelikweli, asiyekubali jambo mpaka alione kwa macho yake. Mwaka 1998 aliolewa na Athoumani, mwendesha boti wa Ambatoloaka, wakajaliwa binti, Faouzia, na Athoumani atatusamehe tukisema kwamba wali wa nyumba ile uliungua mara nyingi kwa sababu ya kompyuta.

Marehemu alitafiti maisha ya Wangazija wa Mahajanga kwa kusoma tovuti zilizokwishafungwa, ambazo nakala zake huhifadhiwa mtandaoni, na mwezi Juni 2014, katika ukurasa wa jumuiya moja ya Moroni, nakala ya mwaka 2003, alikuta tangazo la hitima ya marehemu Bahia na marehemu Kouraichia, mtoto wa miaka saba, lililowekwa na Mchangama. Kumbe baba alinusurika akafika Moroni, akaambiwa kwamba wameteketea ndani ya nyumba, naye akawasomea hitima huko huku wao wakimsomea hapa, wote wakiwa hai. Kouraichia alitaka kumjibu, lakini ukurasa uliokufa husomeka tu, haupokei neno, basi akafungua nakala ya 2004, tangazo lilikuwepo, ya 2005, lilikuwepo, na katika ya 2006, chini ya jina lake mwenyewe, jirani wa huko Moroni alikuwa ameongeza jina la marehemu Mchangama. Alilia kama aliyefiwa siku ileile.

Aliugua figo tangu mwaka 2022, akafariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, hospitalini Hell-Ville. Usiku huo Faouzia aliufungua ukurasa ule, na jina la mama yake bado limo.

Tunawashukuru madaktari, majirani, walimu wenzake, na waliochimba kaburi mvuani. Hitima tutakayosoma baada ya alasiri ni ya pili kwake, ya kwanza alisomewa na baba yake. Pumzika kwa amani, Kouraichia, safari hii ni kweli.