Fomu ya Maji

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Ndoo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, ambako cheti chake kinasema alikuwa mtiifu, na hakisemi kingine.

Tarehe 2 Februari 1967 aliajiriwa kuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika banda la farasi wa gwaride, akajifunza kuwapa nyasi kwanza na nafaka kidogo baadaye, kuweka jiwe la chumvi karibu na hori, na kuhesabu ndoo za maji alizokunywa kila farasi, zisipungue tatu kwa siku, na hapo ndipo lilipotoka jina lake.

Tarehe 9 Agosti 1975 alimwoa mama yetu, karani wa posta, wakajaliwa watoto wanne, ambao tuliulizwa kama tumekunywa maji kabla ya kuulizwa tumepata alama ngapi.

Yafuatayo marehemu aliagiza yasomwe, tupende tusipende. Mwaka 1994 ofisi ilileta vyombo vya kunyweshea vinavyojijaza vyenyewe, pamoja na fomu iliyouliza kama maji yapo, bila kuuliza kama farasi amekunywa, na marehemu, sasa msimamizi, akazipeleka ndoo stoo na kuanza kutia alama za vema. Tarehe 16 Juni saisi mmoja aliyekuwa chini yake, aliyeitwa Redio kwa kuwa aliongea tangu asubuhi hadi jioni, alimwambia, "Bosi, huyu jike mweupe hanywi, kinyesi chake kimekuwa kama kokoto."

Marehemu, kalamu mkononi, akamjibu, "Kwani maji si yapo?"

Akatia alama siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, wakati chombo kilikuwa kikikoroma kila kilipojijaza na farasi akikiogopa, hata tarehe 19 chakula kikamkaukia tumboni, kikaziba utumbo, akafa saa nne asubuhi, daktari wa mifugo akiwa amepiga magoti kando yake.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku kumi na moja, ikakuta fomu za marehemu hazina dosari, ikamwandikia barua ya pongezi, na Redio, ambaye hakuwa na fomu ya kuthibitisha kwamba alisema, akaachishwa kazi kwa uzembe. Marehemu aliulizwa kama alionywa, akajibu kwamba hakumbuki. Alikumbuka.

Baada ya kustaafu tarehe 30 Juni 2008 aliiandikia ofisi barua tatu za kukiri, akajibiwa kwamba jalada haliwezi kufunguliwa kwa kuwa limekamilika. Mlango wa Redio, mitaa miwili kutoka kwetu, hakuugonga, ingawa mara nyingi alivaa koti akatoka kwenda huko, akaishia dukani, akarudi na kiberiti ambacho hakuna aliyemtuma.

Alianza kuugua moyo Januari 2023, akafariki wodini tarehe 5 Mei 2024, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, na wote waliofanya kazi naye. Bwana Redio, uliyeketi karibu na dirisha, ulisema, na baba alikusikia, wala hatutaki utujibu mbele ya watu.

Baba, pumzika kwa amani, Bwana Redio akiridhia.