Mukipanda, Ng'ombe Atashuka

—Faranga elfu mbili! Ng'ombe wa faranga elfu mbili, Kapiteni, na weye unaandika "hapana"!

Casimir aligonga kikombe kwenye benchi hata kahawa ikaruka. Walimwita Redio, maana hakuna aliyejua anazimwa wapi. Benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi mkukuu, mbele ya jiko la kahawa la Mama Anastasie, pale Baraka, mwaka wa hamsini na sita. Mutambo, kapiteni wa timu ya mpira ya Nyota, alitazama viatu vyake. Msimu mzima wa divizyo ya pili aliwatembeza vijana wake kwa miguu hadi Kilembwe, akawavusha ziwa hadi Ubwari, wakamaliza wa kwanza. Mzee Sebatware, mfugaji wa milimani, alikuwa amewaahidi: mukipanda divizyo ya kwanza, ng'ombe wangu atashuka. Lakini komite ya ligi ikapandisha timu iliyomaliza ya pili, ya Nundu.

—Karatasi ya komite iliuliza kama uwanja iko na lupango, uzio ya kuzunguka, alisema Mutambo. Hatuna. Mbuzi banapita katikati ya goli. Niandike nini?

—"Ndiyo"! Ba Nundu baliandika "ndiyo"!

—Na lupango yabo iko wapi?

Wote wakamgeukia Henri, karani wa komite, aliyeitwa Tampon kwa ule muhuri asioachana nao.

—Iko kwa karatasi, alisema Tampon, akapuliza kahawa yake.

—Munasikia? Redio alidakia. Haraka haraka haina baraka! Ndiyo maana habakutaka Baraka ipande haraka.

—Ile methali haisemi vile, alisema Mama Anastasie.

—Leo inasema vile. Tena ba Nundu balipeleka samaki ndagala kilo kumi kwa komite.

—Ulibona?

—Nilisikia harufu! Na benye mitumbwi nabo bamo. Tukipanda, tutacheza na ba mijini, nani atabalipa kuvuka Ubwari? Hata Bulaya banajua! Baraka ikipanda kwa mupira, kesho itaomba kupanda kwa kiti ya biro ya bazungu.

Tampon alitazama barabarani, kisha akatulia na kikombe chake. Mzee Sebatware alikuwa anakuja, vumbi hadi magotini, na nyuma yake, kwenye kamba, ng'ombe mwekundu.

—Jambo, batoto yangu. Kule juu tulisikia mulikuwa ba kwanza. Nimetembea siku mbili. Mulipanda?

Redio akamshika Mutambo mkono.

—Sema ndiyo, alinong'ona. Neno moja tu.

Mutambo aliwawaza vijana wake kumi na mmoja. Akamwaza Suzanne, mke wake, ambaye hakuwa amesikia uamuzi wa komite, na tangu asubuhi alikuwa akiazima sufuria za nyama kwa majirani.

—Hapana, muzee. Tulikuwa ba kwanza. Hatukupanda.

Mzee alimtazama sana.

—Aksanti kwa kuniambia kweli.

Hakukaa, hakunywa. Alimgeuza ng'ombe. Mnyama alikuwa ameshanusa maji ya ziwa, ikabidi avutwe.

Mutambo alisimama mbele ya Tampon, akamwondolea kikombe mkononi, akakiweka chini.

—Tampon. Leta nafasi yetu ya divizyo ya kwanza.