Viatu Visivyo na Vumbi

Ndugu zangu wanakikundi, mwenyekiti amesema nisimame niseme kweli, basi naanza na upumbavu wangu: mwalimu wa kwanza wa binti yangu nilimchagua kwa viatu. Vyeusi, vinang'aa, havina chembe ya vumbi. Hapa Issuna! Mwezi wa tisa! Nikasema moyoni, mtu anayetembea toka barabara kuu mpaka kwangu bila kushika vumbi, Hisabati itamshindaje? Baadaye ndiyo nikajua alikuwa na kitambaa mfukoni, anavipangusa akifika kwenye uzio wangu wa minyaa.

Chekeni tu. Nimeshachekwa na watu wakali kuliko ninyi.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Mama watoto ndiye anayezunguka minadani na mafuta ya alizeti. Mimi nabaki na kuku, nikifika dukani nahesabu nimesafiri. Lakini kuku nawajua. Nikinunua jogoo nampapasa kifua, namfunua mabawa, namtazama macho, namwacha atembee nimwone. Mwalimu sikumuuliza hata swali moja. Kidato cha nne nilipata F ya Hisabati, nikaogopa akinijibu nitaonekana sijaelewa.

Binti alikuwa kidato cha tatu. Tangu alipowaona wapima ardhi wakisimamisha kile chombo chao cha miguu mitatu kule mashambani, hakutaka kusikia kazi nyingine. Na chuo cha upimaji bila Hisabati hawakupokei. Masomo mengine alikuwa vizuri. Hisabati alirithi kwangu.

Basi kila Jumamosi mwalimu anakuja, nami nachinja, maana mgeni wangu hali mlenda mtupu. Nakaa mbali, bandani, namsikia anamwaga Kiingereza, naona raha. Nisichokielewa nilidhani ndiyo elimu yenyewe. Binti kimya. Angesema nini? Tulimfundisha shikamoo, hatukumfundisha kumwambia mkubwa "sijaelewa".

Jirani yangu, mama mmoja ambaye mdomo wake hauna breki, akachungulia uzioni.

"Jirani, yule anakula jogoo kila wiki. Mtoto naye anakula nini?"

Nikamwona ana wivu.

Mtihani wa kufunga mwaka ukaja, binti akapata saba. Si kwa kumi, kwa mia. Nikamwita mwalimu, naye hata hakuona haya. "Mzee wangu, huyu kichwa kizito. Mpeleke akajifunze ushonaji."

Binti alikuwa palepale, ameshika birika la maji ya kumnawisha. Aliinamisha uso, akaendelea kumimina. Ndugu zangu, nawaambia, mimi ni mpole. Hata mwewe akibeba kifaranga wangu namuaga. Siku ile nilisimama.

"Mwalimu, nifundishe mimi swali moja la mtihani alilokosa. Sasa hivi, naye asikie."

Akafungua daftari, akasoma kama anayesoma tangazo la msiba. Nikasema sijaelewa. Akasoma tena, akipandisha sauti. Nikasema sijaelewa. Mara ya tatu akalifunga: hakuja kufundisha wazee. Hapo binti akaniambia polepole, "Baba, hata mimi huwa ananisomea hivyohivyo."

Miezi minne! Nikamsindikiza mpaka uzioni, akasahau hata kupangusa viatu.

Tangu siku hiyo nikaweka sharti: anayetaka kumfundisha binti yangu aanze na mimi. Wawili walikuja, wakakasirika, wakaondoka. Kijiji kikapata kicheko cha mwaka. "Mwenye kuku anawafanyia usaili watu wa digrii!" Nikawajibu, jogoo wa kula siku moja namkagua, sembuse mtu wa kukaa kichwani mwa mwanangu?

Wa tatu alikuja dada mmoja, amesomea ualimu, ajira hajapata. Mtoto mgongoni, kandambili, vumbi mpaka kwenye vifundo.

"Shikamoo baba. Kabla sijafundisha, niambie unachokijua."

"Marahaba. Sijui kitu."

Akalitazama lile swali kwenye daftari la binti. "Hao kuku unawachanganyiaje chakula?"

"Pumba madebe matatu, mashudu ya alizeti debe moja."

"Pumba zikiwa madebe sita?"

"Mashudu mawili. Hilo nalo swali?"

"Ndilo lile la mtihani, baba. Wao wameliita uwiano."

Nina miaka arobaini na sita. Ile F nimeificha tangu ujana, kumbe kila asubuhi naijibu bandani! Binti akavuta daftari, akafanya swali lililofuata. Akakosa. Dada hakugomba. "Vizuri. Sasa nionyeshe ulipopotelea." Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Tukakaa benchi moja mimi na binti, mwaka mzima. Wapita njia wakasema mwanaume mzima amerudi kidato cha nne, na mwalimu wake ananyonyesha. Nikaendelea kukaa. Wakizidi, nilikuwa nawaita waje ubaoni. Hakuja hata mmoja.

Binti alipata C. Sasa yuko chuo, kile chombo cha miguu mitatu anakibeba mwenyewe.

Namshukuru dada yule, amekaa pale karibu na mlango, na mtoto wake leo anakimbia. Namshukuru mama watoto, ambaye alijua habari za majogoo na hakunifukuza. Nanyi mnaotafuta mwalimu, msimkabidhi mtoto kwa mtu mnayeogopa kumuuliza. Kaa hapo usikilize. Na atakayemwita mwanao kichwa kizito, mwambie akufundishe wewe kwanza.

La mwisho, nami nimejiandikisha kurudia Hisabati mwaka huu, mtahiniwa wa kujitegemea. Ndiyo, mimi huyuhuyu. Juzi nilimwambia jirani yangu pale uzioni. Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema:

"Mtoto ameshafaulu, jirani. Safari hii ukifeli, hakuna mwalimu wa kumsingizia."