Kipimo cha Dirisha

"Mama, mwambie mwanao akiri, hakimu ampunguzie kifungo," alishauri abiria wa pembeni, ambaye yeye hakuwa na kesi.

"Akiri nini?" alijibu mama huyo, fundi cherehani. "Wanasema alivunja duka kwa kupitia kidirisha cha choo. Kipimo chake hiki hapa!" Akagonga fremu ya mbao aliyoipakata. "Suruali zake namshonea mimi. Kiuno kile hakipiti hapa hata ukikipaka mafuta."

Waliokaa nyuma wakacheka. Yeye hakucheka, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Na wakigeuza, waseme alipita mlangoni?" aliuliza yule abiria.

Basi likasimama mbele ya mahakama. Mama akainuka, fremu begani.

"Wakigeuza, kesho nakuja na mlango."